Shajara ya mradi: daftari lenye safu tano

Jumapili, 13 Aprili 2025

Tumekutana watu sita nyuma ya kibanda changu cha cherehani, Mwananyamala, chini ya mwarobaini. Mvua ilitungoja tukae ndipo ikaanza, tukakimbilia ndani, watu sita kwenye kibanda cha watu wawili. Waliokuja ni mama wawili waliozika watoto wao, mimi niliyezika kaka, bibi anayelea wajukuu watatu wa marehemu binti yake, dereva wa bajaji, na Kaka Mkubwa. Huyu hajazika ndugu, kazika kijiwe kizima cha wenzake waliokuwa wakitumia pamoja. Yuko kwenye methadoni, dawa ya hospitali ya kumwachisha mtu heroini, miaka mingi sasa.

Tumekubaliana mambo mawili tu. La kwanza, kuwakumbuka waliokufa kwa kuzidiwa na unga, yaani heroini, hadharani, kwa majina yao. La pili, kabla ya siku hiyo tujifunze namna ya kumsaidia mtu anayezidiwa, maana kulia tayari tunajua.

Siku ni 31 Agosti. Kaka Mkubwa ndiye aliyeileta, aliisikia kwa waelimishaji rika. Ni siku ambayo nchi nyingi huwakumbuka waliokufa kwa kuzidisha dawa, ilianza Melbourne, Australia, mwaka 2001, na rangi yake ni zambarau. Bibi akauliza, "Huko Australia wana arobaini?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Akasema basi tarehe tutaazima kwao, kisomo kitakuwa chetu.

Mfukoni tuna shilingi 86,000. Jina la kikundi limetushinda, tuligombana nusu saa tukaliacha.

Jumamosi, 26 Aprili

Sikukuu ya Muungano, wateja hakuna, nimepata muda wa kutengeneza daftari. Ni lile kubwa la kaunta, jalada gumu jeusi na jekundu. Nimepiga mistari kwa rula, safu tano: jina, mtaa, mwaka aliofariki, alichokipenda, na alivyokufa.

Safu ya nne ni wazo la mmoja wa wale mama. Alisema polisi wana faili la mwanawe, hospitali wana faili, na mahali pote hapo ameandikwa kwa ubaya aliofanya au ugonjwa aliokuwa nao. Anataka sehemu moja ya kuandika kwamba alikuwa mshabiki wa Simba hadi anakosa usingizi.

Safu ya tano ni wazo langu, na ndiyo imeanza kutusumbua siku hiyo hiyo. Tumepita nyumba saba, mimi na Bibi. Tumepokelewa vizuri, kwingine tumewekewa na chai. Majina yametoka, mitaa imetoka, miaka imetoka kwa kubishana kidogo. Ukifika safu ya tano, mtu anaangalia mlangoni kwanza.

"Aliugua ghafla."

Nyumba ya pili, presha. Ya tatu, malaria ilimpanda kichwani. Ya nne, kijana wa miaka 23, presha tena. Nyumba ya sita, baba mmoja alisema, "Andika alianguka." Nikaandika alianguka. Tulipotoka, Bibi akaniambia kwamba kwake mwenyewe mwaka 2017 watu waliambiwa ni uzazi, na binti yake hakuwa na mimba.

Sijamlazimisha mtu. Lakini nimerudi nyumbani na daftari lenye majina tisa na safu ya tano ambayo ukiisoma utadhani mtaa wetu una ugonjwa wa kuanguka.

Jumanne, 13 Mei

Hakuna kilichofanyika. Mvua. Kibanda kilivuja, daftari nililifunga kwenye mfuko wa nailoni nikalilaza na vitambaa vya wateja.

Jumapili, 25 Mei

Kikao cha kumsikiliza Kaka Mkubwa. Tumemwomba atueleze kama anavyowaeleza watoto, tangu mwanzo, na tumekubaliana hakuna kuguna.

Alianza kuvuta brauni, heroini ya kahawia, ujanani, akichanganya na bangi kwenye msokoto, wanaita kokteli. Ukaja unga mweupe, na mweupe unayeyuka vizuri kwenye maji, ndipo mabomba ya sindano yakaingia vijiweni. Akasema unga haupandwi Manzese wala Tandale. Afyuni inalimwa Afghanistan, inavuka bahari na majahazi, inashuka pwani yetu ikielekea kwingine, na kila mzigo unaopita unadondosha kidogo. Dereva wa bajaji akakumbusha tangazo la Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya la Desemba 2023, kilo 3,182 za heroini na methamfetamini zilizokamatwa Dar es Salaam na Iringa. Bibi akauliza zile zilizopita bila kukamatwa nani alizipima.

Halafu Kaka Mkubwa akafika pale nilipokuwa nasubiri bila kujua kwamba nasubiri. Mama mmoja alimwuliza kwa nini wengi wamekufa baada ya kuacha. Hilo limemla miaka. Mwanawe alikaa gerezani miezi minane, akatoka kanenepa, mzima, akafa siku ya nne.

Kaka Mkubwa alichukua vikombe vyetu vya chai. "Mama, mwili unazoea. Leo kete moja inakutosha, baada ya mwaka unataka tano upate kusimama tu, si kwa starehe, kwa kuondoa arosto, yale maumivu ya kuukosa unga. Ukikaa miezi bila kugusa, iwe gerezani Segerea au soba hausi, nyumba ya kuachia dawa, mwili unarudi kuwa wa mtoto. Lakini kichwa kinakumbuka tano." Akavisukuma vikombe vitano mbele yake. "Anarudi kijiweni siku mbaya moja tu, ananunua kile anachokikumbuka. Sumu haijaongezwa, mwili ndio umesahau."

Akaongeza hatari nyingine: kuchanganya na pombe au vidonge vya usingizi, kutumia peke yako mlango umefungwa, na hata siku za mwanzo za methadoni kama mtu anaiba na unga pembeni. Yeye alianza kunywa dawa pale kliniki ya Mwananyamala ilipofunguliwa, 2012, mwaka mmoja baada ya Muhimbili iliyoanza Februari 2011. Temeke ikafuata. Kila asubuhi foleni, kikombe kidogo, unakunywa mbele ya mhudumu, kisha unasema neno ili ajue umemeza. Yeye husema "shikamoo" hata kama mhudumu ni mdogo kwake.

Yule mama aliondoka bila kuaga. Jioni akanitumia ujumbe: "Kwa hiyo alikuwa ameacha kweli." Nikamjibu ndiyo.

Jumapili, 15 Juni

Mafunzo. Muuguzi mstaafu kakubali kutufundisha bila malipo, tumempa nauli 10,000. Tumehudhuria 16, wengi wakiwa bodaboda na bajaji wa kituo chetu, nimefurahi maana wao ndio wanaobeba watu usiku. Alitaka sanamu la kufundishia. Sanamu langu la nguo halina kichwa, kwa hiyo tumepuliziana hewa kwenye mto uliofungwa kamba, na vijana wamecheka hadi wakaombwa watoke wamalize kucheka nje.

Naandika alivyosema ili tuwe nayo.

Heroini inauambia ubongo usahau kupumua. Mtu hafi kwa moyo kupasuka kama watu wanavyodhani, anakosa pumzi taratibu, na mara nyingi kuna muda wa kuwahi. Dalili: unamwita haitiki, unamsugua mfupa wa kifua kwa vifundo vya vidole kwa nguvu haamki. Mboni za macho zinakuwa ndogo kama tundu la sindano. Kwa ngozi zetu usitafute ubuluu usoni, tazama midomo, fizi na kucha, zinapauka rangi ya majivu. Pumzi inakuwa ya kuhesabu, moja, unasubiri, unasubiri, moja.

"Au anakoroma," akasema. "Mkoromo mzito wa maji maji, kama koo limejaa. Watu wakiusikia wanasema afadhali amelala. Hajalala huyo."

Nimetoka nje.

Niandike tu, ndiyo kazi ya shajara. Januari 2019, kaka yangu alikuwa na siku tisa tangu arudi kutoka soba hausi, alikokaa miezi mitano. Mimi nilikuwa sebuleni na sare za shule za watu, shule zinafungua, nimechelewa. Saa tano usiku nikamsikia anakoroma nyuma ya pazia. Nikasema alhamdulillahi, leo kalala, maana usiku wote wa nyuma alikuwa akizunguka. Nikaacha kukanyaga cherehani ili nisimwamshe. Nikamalizia zile sare kwa mkono, sindano na uzi, upindo wa sketi sita, huku namsikiliza. Baadaye akanyamaza nikaona ndiyo usingizi umekolea.

Niliporudi ndani, muuguzi alikuwa anaendelea. Hakuniuliza kitu. Alinipa mto akasema, "Wewe sasa."

Mlaze chali. Inua kidevu ili njia ya hewa ifunguke, angalia mdomoni kama kuna kitu. Bana pua, ziba mdomo wake kwa wako, puliza hadi kifua kinyanyuke. Pumzi moja kila sekunde tano. Mtu mwingine anatafuta usafiri wakati huo huo, usimwache peke yake. Akianza kupumua mwenyewe, mgeuze ubavu, goti la juu likunjwe, ili akitapika asipaliwe.

Kisha tukamtajia tunayofanya vijiweni, moja moja, naye akawa anafuta: maji ya baridi, maziwa, sukari, makofi, kumtembeza, kumdunga maji ya chumvi. Hili la chumvi lilimtoa kwenye upole wake. Hakuna hata moja linalorudisha pumzi, akasema, na dakika mnazotumia kutafuta maziwa ndizo dakika zake.

Dawa ipo, naloksoni. Inaing'oa heroini pale ilipokaa kwenye ubongo, na mtu anaweza kuamka ndani ya dakika chache. Shirika la Afya Duniani lilishapendekeza mwaka 2014 kwamba watu walio karibu na watumiaji, ndugu na marafiki, waweze kuipata na wafundishwe kuitumia. Sisi hapa kikundini hatuna, iko kwa wahudumu wa afya, kwa hiyo kazi yetu ni pumzi: kumfikisha mtu kwenye sindano akiwa bado anapumua. Akatuonya kitu kimoja, naloksoni inakaa mwilini kati ya dakika 30 na 90 tu. Heroini inaweza kukaa mwilini kuliko hiyo, na methadoni ndiyo kabisa. Aliyeamka anaweza kuzidiwa tena bila kuongeza chochote. Asiachwe.

Jumatano, 18 Juni

Nimejaza safu ya tano ya kaka yangu. Nimeandika: unga, nyumbani, alikuwa anakoroma.

Mama hajui. Kwa Mama na kwa mtaa mzima, ilikuwa presha. Mimi ndiye niliyewaambia watu presha, mlangoni, turubai likifungwa.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Suala la kanga.

Tulitaka kila familia ipate kipande kimoja cha zambarau chenye maneno. Kiwandani tuliambiwa oda kama yetu ni ndogo mno. Tumempata fundi wa kuchapa kwa skrini Kariakoo, kitambaa na kuchapa shilingi 6,000 kwa kipande, vipande 40, jumla 240,000. Kikoba cha mtaa kimetuchangia 150,000, kituo cha bodaboda 70,000, na mama mmoja kaleta 100,000 ndani ya bahasha, kasema asitajwe. Kwa hiyo tuna 406,000.

Maneno yalituchukua saa mbili, na sijutii. Kanga bila jina ni shuka. Dereva wa bajaji alitaka onyo, kitu kama UNGA UNAUA. Mama wa mshabiki wa Simba akamwambia hilo aandike kwenye bajaji yake. Mwingine akataja MZIGO WA MWENZIO KANDA LA USUFI, ni methali nzuri lakini inawasema majirani, na majirani tunawahitaji. Kisha mtu akajisahau, akapendekeza SAMAKI MKUNJE ANGALI MBICHI. Kimya. Bibi akasema, "Mwanangu, hiyo nimeambiwa sokoni, nimeambiwa msibani, nimeambiwa na mwalimu wa wajukuu. Samaki hakukunjika, nimekunjwa mimi."

Tumeishia WALIKUWA WETU. Maneno mawili, hayana ushairi, ila hakuna aliyepinga.

Jumamosi, 19 Julai

Kanga zimefika. Zambarau imetoka sawasawa, maandishi meupe, pindo la mistari. Yameandikwa WALIKUWA WATU.

Kosa ni langu. Nilimtamkia fundi kwa simu, yeye yuko katikati ya kelele za Kariakoo, na sikumtumia maandishi. Vipande arobaini vyote.

Nilipovitandaza mezani, nilitegemea kelele. Mama wa mshabiki wa Simba alishika kimoja akakisoma kwa sauti, akanyamaza, akakikunja akakitia kwenye mkoba. "Hiki changu usikiguse." Mwenzake hakutaka hata kukiona. "Kwani nani alisema hawakuwa watu? Mimi nitembee na kanga ya kujitetea?" Wote wawili nimewaelewa na sijui niwe upande gani.

Tumeamua kila familia ichague. Wanaotaka WETU, nitawashonea E juu ya A kwa uzi mweupe wa kudarizi, bure. Kila moja inanichukua kama dakika ishirini. Mpaka leo usiku nimeshona nne, ukitazama karibu unaona mguu wa A unachungulia.

Alhamisi, 31 Julai

Naandika saa kumi na moja alfajiri, sijalala.

Saa nne na nusu usiku dereva wetu wa bajaji kapiga simu. "Dada, kuna mtu anakoroma hapa nyuma ya gereji, wenzake wamekimbia." Nikamwuliza anapumua vipi. "Ya kuhesabu." Nikamwambia aanze, nakuja. Nilikimbia na kandambili, moja nikaiacha njiani.

Nilimkuta amepiga magoti kwenye mafuta machafu, anahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, tano, anapuliza. Kijana chini, miaka kama thelathini, midomo ya majivu. Nilimsugua kifua nikasikia mfupa wenyewe, hakuitika. Tukapokezana. Mtu mmoja alikuja mbio na pakiti ya maziwa, dereva akaipokea akaiweka pembeni bila kusema kitu, akaendelea kuhesabu. Bajaji nyingine ikaja, tukampakia, mimi nyuma nimemlaza mapajani namvuta kidevu, kila shimo la barabara linanitoa kwenye hesabu.

Hospitali wamemchoma sindano. Dakika tatu au nne, na yule mtu akafumbua macho, akakaa, akatutukana. Nani kamharibia stimu, nani katuita, arosto imempanda anatetemeka na kutapika. Mhudumu akamwambia abaki wamwangalie. Tulipogeuka kuandikisha jina lake, hatukumkuta.

Hapo ndipo nilipoogopa, maana dakika 30 mpaka 90, nilikuwa nazisikia kichwani kwa sauti ya muuguzi. Bajaji mbili, tumezunguka mitaa yote hadi saa saba usiku. Tumempata amekaa kwenye benchi la muuza mihogo, anakula mihogo ya kukaanga na kachumbari, na muuzaji anamdai. Nimelipa 500. Tukakaa naye pale pale, na muuza mihogo tukamweleza, akaacha kufunga biashara akakaa na sisi. Kila akisinzia tunamtazama kifua.

Karibu na saa tisa akaniuliza, "Wewe dada wa nani?" Nikamtajia. Akatafuna kwanza. "Yule alikuwa anajua kunyoa. Alituchonga vichwa kijiwe kizima kwa wembe, haudhani ni wembe."

Sikuwahi kujua kwamba kaka yangu alikuwa ananyoa watu.

Jumapili, 10 Agosti

Tumekwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na barua, kwa shehe wa msikiti wetu, na kwa katekista wa jumuiya. Mwenyekiti aliuliza kama ni siasa, tukasema ni msiba, akagonga muhuri.

Kwa shehe nilikuwa na swali la familia tatu: aliyekufa kwa unga amejiua? Kuna mama hajawahi kumsomea mwanawe hitima kwa kuogopa jibu la swali hilo. Shehe alisema aliyezidiwa hakukusudia kufa, alikusudia kupata ahueni akakosea, na nia ya mja anaijua Mola wake. Alisaliwa, kwa nini asisomewe? Kisha akauliza yule mama anaishi wapi. Amekwenda mwenyewe, siku hiyo hiyo baada ya alasiri. Katekista naye kasema ataleta wimbo mmoja, na kwamba atajitahidi uwe mfupi (tunamfahamu).

Majina yamefika 38. Mafunzo ya pili yamefanyika jana, watu 11, jumla sasa ni 27. Mafunzo ya pili hayakuwa na vicheko, habari za gereji zimeshaenea.

Ijumaa, 29 Agosti

Kampeni za uchaguzi zimeanza jana, na kila turubai, kila spika na kila kiti cha plastiki cha Kinondoni kina mwenyewe. Tuliyeelewana naye kwa 60,000 sasa anataka 120,000. Tumepata kwingine, turubai lenye kiraka na viti 50, kwa 95,000. Spika tumekosa. Bibi kasema majina yatasomwa kwa mdomo, walioitwa kula kwa mdomo hawakuhitaji spika.

Kanga: 23 nimebadilisha kuwa WETU, 17 zimebaki WATU. Vidole vimechubuka.

Jumapili, 31 Agosti

Imefanyika.

Walikuja watu wengi kuliko viti. Wapishi walipika pilau kwenye sufuria mbili, mchango wetu wa chakula 110,000 haukutosha, jirani akaongeza kilo tano za mchele bila kuombwa. Ubani, dua, wimbo wa katekista (beti saba), kisha daftari.

Tulikubaliana hivi: msomaji atasoma jina, mtaa, mwaka na alichokipenda. Safu ya tano isomwe na mwenye marehemu tu, akitaka, na asiyetaka atakaa. Nilikuwa nimejiandaa isisomwe kabisa. Majina yalikuwa 43, ya mwisho matano yaliletwa asubuhi ile ile kwenye vikaratasi, kimoja nyuma ya risiti ya luku.

"Alipenda kuogelea ufukwe wa Koko." "Alipenda taarabu, alikuwa na kanda zote." "Alipenda mtoto wake." "Alijua kuiga sauti za wanasiasa." Yule baba wa "andika alianguka" alisimama akasoma jina la kijana wake na kwamba alipenda kufuga njiwa. Akabaki amesimama. Tukadhani kasahau kukaa. Akasema, "Alidungwa na rafiki yake, chooni, mwezi wa pili. Rafiki alikuja kuniambia nikamfukuza." Akakaa.

Baada yake walisoma wengine kumi. Na mimi wa kumi na moja, jumla kumi na wawili kati ya 43. Nilisoma: alijua kunyoa kwa wembe, alipenda mbaazi za nazi, alikufa kwa unga, alikuwa anakoroma nami nikadhani amelala. Sauti ilinikatika kwenye mbaazi, mahali ambapo sikutegemea.

Katikati alipita kijana na baiskeli ya madafu, akapunguza mwendo akapaza sauti, "Mnawasomea mateja?" Bibi hakugeuza hata shingo. "Tunasoma. Wako nani tukuandikie?" Watu wakacheka, yeye pia. Alisimama kama dakika mbili, kisha akasukuma baiskeli yake akaenda.

Mama yangu alikuwa mstari wa nyuma, na kanga ya WATU, hakutaka niibadilishe. Nilipomaliza kusoma nilimtafuta kwa macho, nikaona kiti kitupu. Alikuwa kwenye masufuria anakwangua ukoko.

Jumamosi, 6 Septemba

Hesabu. Mapato 406,000, na rambirambi zilizokusanywa siku yenyewe 61,500. Jumla 467,500. Matumizi: kanga 240,000, turubai na viti 95,000, chakula 110,000, nauli ya muuguzi 10,000. Jumla 455,000. Imebaki 12,500, ipo kwa Bibi kwa sababu yeye hakopesheki.

Mafunzo yajayo ni Oktoba, muuza mihogo kaomba awepo. Yule kijana wa gereji kaonekana mara mbili. Kaka Mkubwa anamsogelea polepole kuhusu methadoni, hajakubali, hajakataa. Vikaratasi vya majina vinaendelea kuja kibandani, mtu analeta suruali ya kupunguza, ndani ya mfuko kuna karatasi.

Leo mchana Mama kaja kibandani. Hajawahi kuzungumza lolote tangu Jumapili. Kakaa kwenye kiti cha wateja, kaniangalia nikishona zipu, kisha kasema nimletee lile daftari. Nikamfungulia ukurasa. Alivaa miwani, akapitisha kidole taratibu kutoka safu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akasimama. Akaenda hadi ya tano, akakaa hapo muda mrefu hadi nikaacha kukanyaga cherehani.

Kisha akarudi ya nne akaniomba kalamu.

"Nani kakwambia alipenda mbaazi?" akasema, akakata neno kwa mstari mmoja ulionyooka. "Mbaazi alikula kwa kuwa ndizo zilizokuwapo. Alipenda chapati."